Mlango wa Kulia

Alfa ya mwaka sabini na mbili, rangi ya divai iliyochacha,
funguo zake tatu: mmoja wa kuwashia, mmoja wa buti,
wa tatu wa mlango wa dereva.
Mlango wa kulia hauna wake.
Kitasa kilikufa kabla sijainunua;
kila nikikitikisa kinasema kesho, kama mdeni.

Miaka kumi na tisa Ersilia alisimama nje,
mvua ya Biella ikimnyeshea,
nami ndani nikijinyoosha juu ya gia,
mbavu zikinibana, hadi kidole kiguse komeo.
"Haya, ingia, malkia."
"Malkia gani asiye na ufunguo?"

Nilitafuta. Kule Torino, kwa wauza vyuma chakavu,
walinipa vitasa vya Lancia:
vimefanana, ila kufanana hakufungui mlango.
Fundi Brusasco alipachika miwani juu ya miwani,
akasugua silinda kwa mafuta ya taa,
akasoma tarakimu nne, akatikisa kichwa.
Kiwanda kilichochonga hizi, alisema, siku hizi kinauza vigae.

Leo kifurushi kimefika kutoka Rotterdam:
kitasa kipya ndani ya karatasi ya nta,
na funguo mbili zilizofungwa kwa uzi.
Mbili.
Nimetia mmoja, nikauzungusha.
Ukalia tik, taratibu,
kama mtu anayemeza neno.

Sijakifunga mlangoni.
Nimekiweka kwenye droo, kati ya vijiko vyake.
Kisha nikaingia garini, nikajinyoosha juu ya gia,
mbavu zikanibana vilevile,
nikaufungua mlango wa kulia.

Mvua ikaingia, ikakaa.