Nambari 214

Barabara ya kwenda Kakola imemezwa tangu Jumanne,
nami niko Kisumu, ghorofa ya tatu,
naikagua mitaa kwa kidole.

Picha zinaingia mojamoja, mtandao ukikohoa:
gunia, mkono, gunia, mkono,
tarehe na saa pembeni.
Gunia la arobaini lina kiraka cha buluu.
La kumi na mbili pia.
La tatu.

Nikampigia 214. Dorsila Awino, mjane, watoto watano.
"Mama, unga ulifika?"
"Ulifika."
"Kilo ngapi?"
Akanyamaza. Nyuma yake vyura,
na mtu anakwangua sufuria,
anakwangua tu.
"Ulifika," akasema, "ukapigwa picha, ukaondoka."

Fomu ina visanduku viwili: ndiyo, la.

"Na huko kwenu," akaniuliza, "maji yamefika wapi?"
Nikachungulia dirishani. Lami kavu.
Muuza mahindi anapepea makaa.
"Bado," nikasema,
kana kwamba yako njiani.

Mahali pa maoni nikaandika:
sufuria ilisikika.
Skrini ikawa nyekundu:
jaza tarakimu.