Dakika Kumi

Muuguzi Shelukindo, pale Bombo, hakuniandikia dawa.
Aliniandikia nyumba.
Nyuma ya karatasi ya kliniki, kwa peni nyekundu:
vitasa, swichi, meza, rimoti, koki ya bomba,
kibao cha kukatia, ukuta panaposhikwa.
"Kilo moja na robo tatu, baba.
Huyu bado hajui mgeni wala mwenyeji.
Kila mkono kwake ni mlango."

Kesho wanatoka. Usiku huu,
Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
umeme umerudi baada ya isha,
na mimi, msokota kamba za mkonge,
nimejifunga kanga ya Riziki kiunoni
nimeipigia magoti meza ya kulia.

Sabuni kwanza, alisema.
Uchafu ukibaki, dawa hupigana na uchafu
wadudu wakitazama.
Kisha jiki, iliyozimuliwa kwa maji baridi.
Na usifute papo hapo, baba. Iache ilowe. Dakika kumi.

Hapo ndipo niliposhindwa.
Sijapata kukaa dakika kumi ndani ya nyumba hii
mikono mitupu, macho wazi.

Adui wa kuonekana ningemwendea na rungu.
Huyu namwendea na dodoki.
Katika ufa wa meza nimechokoa magamba ya changu,
ya juzi, au ya Idi, nani ajuaye,
na duara jeusi la sufuria
tuliloapizana siku nzima nani aliliunguza.

Kibao nimekisugua kwa chumvi,
nimekimwagia maji yanayotokota,
na bado kila mfereji wa kisu una wakazi wake.
Nimekikatia tamaa. Kesho ni kuni.

Kisha kile kitambaa.
Cha buluu, kilichoning'inia kwenye bomba tangu mfungo sita:
kimefuta meza, kimefuta sufuria,
kimefuta pua ya Kibwana, kikarudi mezani.
Nimekinusa, nikakaa chini.
Kumbe miaka yote hatukuwa tukifuta.
Tulikuwa tukigawa,
kwa haki kabisa,
kila pembe fungu lake.

Saa saba na nusu nilibakiwa na ukuta.

Kando ya mlango wa chumba, usawa wa kifua changu,
kuna doa la kijivu, pana kama kiganja.
Mama alijishikiza hapo mwaka wake wa mwisho,
kila alfajiri akienda kutawadha,
mkono uleule, mahali palepale.
Riziki alipaka nyumba yote rangi mwaka juzi
akaparuka hapo.
Sikumuuliza. Hakunieleza.

Nilisimama na ndoo.
Peni nyekundu haikusema ukuta wa nani.
Niliweka mkono wangu kwanza. Ulienea,
kidole gumba tu kilizidi.
Kisha sabuni.

Maji yalishuka kijivu hadi kwenye kisigino changu.
Nikapaka dawa, nikatazama saa ya simu,
na safari hii dakika kumi
zilikuwa fupi.

Doa lilitoka lote.
Kishimo hakikutoka: chokaa imelika kidogo,
kina chake kama cha kijiko cha chai.
Kishimo hakimo kwenye orodha.

Wamefika saa nne, bajaji ikiwa imejaa mabeseni.
Riziki amesimama kizingitini, akavuta pumzi:
"Nyumba inanuka wodi," akacheka,
akanawa hadi viwiko kama alivyofundishwa,
akampokea mtoto kwa mama yake,
akaelekea chumbani polepole, mshono ukimvuta,
na alipofika mlangoni
akanyoosha mkono wake wa kushoto
akajishikiza ukutani. Hapo hapo.

Sikusema neno.
Nimekwenda uani kuchanganya jiki nyingine.