Shika Ngazi

Siku ya tatu betri zilizimika kwa baridi.
Nikazibana kwapani, kama mtu anayepima homa,
nikasubiri.

Hapa Gyumri palikuwa kiwanda cha soksi.
Sasa ni chumba kimoja, jiko la mafuta ya taa,
watoto tisa, brashi sita.
Zaruhi, mwenye funguo, hataki kuhojiwa:
"Upige picha ukuta. Ukuta haujikwai ulimi."

Basi nimeupiga ukuta:
buluu iliyopasuka, komamanga lililoachwa nusu,
alama ya kiganja cha Arshak alipokuwa na miaka minne.
Sasa yuko jeshini. Hakuna aliyethubutu kuifuta.

Nina saa kumi na saba za picha.
Nina theluji iliyoyeyuka ikidondokea ndoo.
Nina Zaruhi akihesabu sarafu za umeme
mara mbili, kisha ya tatu, kana kwamba zitazaa.

Ila jioni ile upepo ulipofunua bati
akapanda, turubai begani,
akaniita bila kugeuka:
"Wewe wa kamera! Shika ngazi."

Nikaiweka chini, nikashika.
Na huko juu, msumari katikati ya meno,
akayasema yote niliyokuwa nikiyauliza:
mumewe, mashine, asubuhi ile ardhi ilipotikisika,
kwa nini alirudi na kopo la rangi.

Filamu imekwisha. Watu wanaisifu.
Mimi huisubiri dakika ya arobaini,
picha inaporuka ghafla
kutoka paa linalovuja hadi paa kavu,
na viganja vyangu vinanuka kutu.