Kodi Tatu

Mwenye karakana alinipa ufunguo kwa masharti mawili:
ikigonga saa nne usiku, kimya;
na kodi ya mwezi wa tatu isivuke tarehe tano.
Mzamiru akacheka. "Kodi mbona tunazo tatu tayari,
G, C na D. Aje achukue."

Hapa Keko mchana ni wa randa.
Jioni tunasukumia ukutani makochi yasiyo na vitambaa,
tunafagia vumbi la mninga,
tunawasha amplifaya ya kuazima kanisani Mtoni,
inayokohoa kila jirani akianza kuchomelea mageti.

Orodha ilikuwa na nyimbo kumi na nne.
Niliiandika juu ya kipande cha plaiwudi
kwa penseli ya fundi, ile bapa, mkaazi wa sikioni.

Ule wa mume anayebisha hodi usiku kucha
ulikuwa wa kwanza kukatwa. Dakika tisa!
Na sebene lake Mzamiru analijua mpaka katikati,
kisha vidole vinaanza kuulizana njia.

Ule wa karani aliyehamishiwa Lindi una F.
F inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita,
kinyooke kama nondo;
na changu mimi
niligawana na msumeno wa umeme mwaka juzi, mezani pale pale.
Hakuna aliyesema neno.
Tungaraza alichukua penseli, akapiga mstari
taratibu, kama anayepima ubao wa bei ghali.

Wa harusi ulikuwa juu mno, sauti yangu haifiki
hata nikipanda stuli.
Wa mpira tuliuacha, maana Tungaraza ni Simba
na mwenye kipaimara ni Yanga damu.

Kidawa, wa besi, alikuwa ametoka zamu ya duka la dawa Temeke,
bado na viatu vyake vyeupe.
Akatuacha tubishane. Kisha akauliza:
"Jumamosi ya tatu mnataka nyimbo za kusifiwa
au nyimbo za kumalizika?"

Ukabaki ule wa mama anayemngoja mwanawe getini.
Kodi tatu. Ngoma inatembea, haikimbii.
Tukauanza, na muuza chipsi wa nje akadaka kiitikio
huku anagonga mwiko kwenye karai,
na mwiko wake, niseme kweli,
ulikaa kwenye mdundo kuliko sisi.

Tukaenda vizuri. Tukaenda vizuri mno.
Beti ya tatu ikaisha, tukarudia kiitikio,
tukakirudia tena,
tukatazamana.
Wimbo huu sote tumelelewa nao redioni,
na redioni mtangazaji hakuwahi kungoja uishe:
aliingia na saa, na salamu, na matangazo ya vifo.
Mwisho wake hatujawahi kuusikia.

Mara kumi na moja tulijaribu kunyamaza.
Tungaraza anakoma, mimi nafuata nimechelewa,
Mzamiru anaongeza noti mbili, halafu moja,
kama mgeni aliyekwisha vaa viatu
na bado amesimama mlangoni anasimulia.

Saa nne kasorobo Kidawa akasema, "Nitazameni mguu."
Tukauimba wimbo wa mama na mwana
huku macho yote yako kwenye kiatu cheupe cha zamu.
Kikanyanyuka.
Kikashuka.

Vumbi la mninga likaendelea kuteremka kwenye mwanga wa taa.
Nje, muuza chipsi alikuwa peke yake katikati ya kiitikio,
hajui kwamba tumefika.

Ile plaiwudi nilikuwa nimeikata kwa ajili ya mgongo wa kabati
la mteja wa Yombo. Asubuhi niliipigilia misumari,
maandishi kwa ndani.
Kuna mtu sasa ananing'iniza mashati yake
mbele ya nyimbo kumi na tatu zilizotushinda.