Mstari wa Tatu

Tulifuata uyoga, mimi na Urve,
tukakuta mtufaha katikati ya misonobari.
Mtufaha haujipandi, akasema,
akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa kisu.

Kwanza bawaba. Kisha kisahani chenye nusu ya ua,
msumari, msumari, kiatu cha farasi,
na chupa:
nyembamba, kijani cha maji ya bwawa,
kizibo kingali kimeng'ang'ania shingoni.
Tumboni herufi nne, T-A-R-T, zilizosalia zimechubuka.
Ubavuni ngazi ya vijiko, kimoja hadi kumi.
Doa la dawa limekomea mstari wa tatu.

Alipona? nikauliza.
Au walikuja kuwachukua usiku ule wa Machi
kijiko kikiwa bado mezani?
Urve alipangusa udongo kwa mate.
Uyoga tuliusahau hukohuko, na kikapu chake.

Jioni tukampelekea Salme, shangazi yake,
ambaye hajawahi kuutaja msitu ule
hata kwa kuteleza ulimi.
Aling'oa kizibo kwa meno ya bandia.
Akanusa.
Akafumba macho, akafumbua kinywa,
akangoja kijiko.