Chemba Nne

Usiku wa kwanza nilikariri kama kasuku:
aorta, ateri, arterioli, kapilari,
venuli, vena, vena kava ya juu, vena kava ya chini.
Baridi ya Juni imelishika bweni zima la Njombe.
Ediltruda, ndani ya blanketi mbili na kitenge, anauliza:
"Damu ikitoka mapafuni inaingia wapi?"
"Ventrikali ya…"
"Ishia hapohapo. Umeshamuua mgonjwa."

Kadi zangu nimezikata kwenye maboksi ya sabuni,
neno upande huu, maana upande ule,
na harufu ya sabuni haijatoka.
Mitra. Trikaspidi. Perikardiamu.
Maneno yaliyovaa suti, yananipita bila salamu.

Kwetu moyo haukuwa na sehemu.
Ulikuwa mweupe, au mzito,
ulitiwa, ulivunjwa, ulikwenda mbio.
Bibi aliuita inumbula,
na mkono wake ukashuka hadi tumboni,
maana huko ndiko alikousikia.
Hakuna aliyeuliza una vyumba vingapi.

Jaribio la kwanza: thelathini na nane kwa mia.
Sista Luvanda kaandika kwa wino wa kijani:
*Majina unayajua. Njia huijui.*

Jumamosi nikaenda nyumbani, Makete.
Baba nimemkuta mtaroni, tope hadi magotini,
juu ya mashamba ya viazi, ukungu haujaamua kuondoka.
Miaka ishirini na sita yeye ndiye fundi wa bomba la kijiji,
maji ya mserereko kutoka msituni,
hayana mashine, hayana umeme,
yana mlima tu.
Hakunipa hata pole ya safari.
"Shika spana. Na usifungue hiyo chemba
kabla sijafunga vali ya juu,
presha itakuchana uso."

"Baba, rudia."
"Nirudie nini?"
"Hayo maneno."
"Chemba. Vali. Presha. Kwani unaumwa?"

Nikaketi palepale kwenye tope.
Akanionyesha, kwa subira ya mtu aliyechelewa kunywa chai,
ile vali isiyorudisha:
"Maji yakishapita hapa, yamepita.
Ikichakaa yanarudi nyuma kidogokidogo,
na utaisikia ikiguna."
Akaegesha mpini wa jembe kwenye bomba,
akaweka sikio juu ya mpini,
akafumba macho.
Sista Luvanda hufumba hivyo hivyo
akiwa na stethoskopu kifuani mwa mtoto.

Jioni, jikoni, nikamfunga mkanda wa kupimia.
Mia na themanini juu ya mia na kumi.
Nikapima tena. Nikapima mkono wa pili.
"Mashine yako mbovu," akasema, "mimi sina kichwa kuuma."
"Bomba la Ilindi liliuma kichwa kabla ya kupasuka?"

Akanyamaza.
Mahindi yakaungua mekoni, hakuna aliyeyageuza.

"Na hicho kidonge kinafanya nini?"
"Kinalegeza bomba, maji yapite bila kugombana na kuta."
"Kila siku?"
"Wewe vali za kijiji unazifungua mara ngapi?"
Akasema *mh*, ile *mh* ya Kikinga
isiyo ndiyo wala hapana,
kisha akauliza kama kinamezwa kabla ya ugali au baada.

Nimerudi bwenini. Kadi ya mitra nimeigeuza,
nimefuta maana ya kitabuni,
nimeandika: *hairudishi*.
"Damu ikitoka mapafuni inaingia wapi?"
"Tanki la juu, kushoto."
"Wapi?"
"Atiria ya kushoto. Halafu mitra. Halafu chemba ya chini,
ile yenye kuta nene, maana ndiyo inayosukuma hadi kijiji cha mwisho,
hadi kidole gumba cha mguu."
Ediltruda kainua blanketi, ananitazama.
"Nani kakufundisha?"

Simu ikawaka juu ya kadi. Ujumbe wa baba, herufi kubwa tupu:
NIMEMEZA. BOMBA LA KWA TWEVE LIMEPASUKA TENA.