Kulia Moto

Ndo.
Saa kumi alfajiri, Dundee, baridi imeegemea dirisha,
na bomba la jikoni linahesabu.
Ndo. Ndo.
Wanasema chururu si ndo ndo ndo.
Wanaosema hivyo wanalala chumba cha mbali.

Lorne anakoroma kana kwamba si yeye aliyelifunga.
Ni yeye. Mwaka aliozaliwa Ruaridh,
wiki ile mimi bado nimelazwa,
aling'oa mabomba mawili ya mama yake,
moja la moto, moja la baridi, kila moja na mdomo wake,
akaweka hili la shingo moja, vishikio viwili,
ili mtoto asiungue.
Akaunganisha kinyume.
Moto kulia, baridi kushoto,
na alipoambiwa akasema: nyumba yetu, sheria yetu.

Wageni wameungua hapa.
Dada yangu Senga hunawa bafuni tu.
Mkaguzi wa gesi alipiga yowe,
kisha akaomba radhi kwa neno lililomtoka.
Sisi watatu, hata siku moja.
Lakini Ruaridh ameungua kwingine kote,
shuleni, kwa mama mkwe,
sasa kwenye mtambo wa mafuta katikati ya Bahari ya Kaskazini.
"Mama," alisema kwenye simu, "dunia nzima imefungwa vibaya."

Basi nimeamka.
Nimefunga koki kuu, nyuma ya ndoo ya sabuni.
Nimeacha bomba likohoe mpaka likose pumzi.
Nimeziba tundu la sinki kwa soksi ya Lorne;
skrubu ikidondoka humo, buriani.
Kishikio cha kulia kimegoma.
Nimekimwagia maji ya birika, nikakibembeleza,
nikakitukana kidogo,
kikatoka.
Na ule mpira ndani, mweusi, mdogo kama kifungo cha shati,
umelika upande mmoja
kama kisigino cha mtu anayechechemea.
Huyu ndiye aliyeninyima usingizi tangu Januari.
Petrie wa duka la vyuma aliniuzia miwili,
"mmoja wa kupotea," alisema, na kweli mmoja umepotea.

Ningeishia hapo.
Lakini nilikuwa na spana mkononi
na nikajikuta chali chini ya sinki, tochi mdomoni,
nikitazama mipira miwili ya maji iliyopishana
kama miguu ya mtu anayengoja basi.
Kazi ya dakika kumi: hii huku, ile kule.
Miaka ishirini na sita, na dakika kumi.
Nikalegeza nati ya kwanza.
Maji yaliyobaki yakateremka kwenye mkono wa gauni,
baridi, mpaka kwapani.

Jumamosi Ruaridh anakuja, baada ya majuma matatu.
Ataingia, ataweka begi mlangoni, pale pale ninapokataza,
ataenda kwenye sinki bila kutazama
na kunyoosha mkono.

Nikakaza nati.
Ilivyokuwa, iwe.

Nimefungua koki kuu polepole.
Bomba likatema kutu, likatema hewa, likatulia.
Nikafunga. Nikasikiliza.

Kitanda kikalia.
"Morven? Nini hicho?"
"Hakuna kitu."
"Ndiyo," akasema Lorne gizani. "Hicho hicho. Ni nini?"